Ibada Isiyo na Paa: Karatu, Ngorongoro na Mungu Asiyefungiwa Ndani

Jumapili ya mwezi wa Julai, lango la Loduare la kuingilia hifadhi ya Ngorongoro linapofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, magari ya watalii huwa yamekwisha kupanga foleni. Viti vya nyuma vina wageni. Kwenye usukani wamekaa madereva wa Karatu, Mto wa Mbu, Arusha na Moshi, wengi wao Wakristo waliobatizwa na kupata kipaimara, na wapo ambao hawajaketi kanisani tangu msimu wa wageni ulipoanza mwezi wa sita. Kengele ya kanisa mjini Karatu italia wakati wao wanateremka kretani. Mpishi wa hoteli naye hayuko kanisani, wala mlinzi wa getini, wala kibarua wa vitunguu kule Mang'ola ambaye zamu yake ya maji ya mfereji haijali siku ya Bwana. Ng'ambo ya mlima, Endulen au Malambo, mfugaji amehama na ng'ombe kufuata majani, na kanisa alilolichangia limebaki nyuma, mwendo wa kutwa nzima.

Je, watu hao wako mbali na Mungu? Hakuna padri wala mchungaji atakayejibu ndiyo. Lakini tazama jinsi tunavyoupima uhai wa imani: kwa mahudhurio ya Jumapili, kwa bahasha za zaka, kwa awamu za michango ya ujenzi, kwa ukubwa wa jengo jipya kulinganisha na la madhehebu ya jirani. Midomo inakiri kwamba Mungu yuko kila mahali, daftari linahesabu waliokuwa ndani. Nimechagua Karatu na Ngorongoro kulijadili jambo hili kwa sababu katika wilaya hizi mbili limejaribiwa kwa vitendo, tena mara zaidi ya moja, na majaribio hayo yalileta matunda na majeraha.

Maandiko hayasitisiti. Yakobo alilala porini, jiwe likiwa mto wake, akaamka akijua kwamba Mungu yupo pale. Musa aliitwa akiwa anachunga kondoo wa mkwewe. Waisraeli waliishi na hema muda mrefu kabla ya kuwa na hekalu, na hema lile lilikunjwa na kubebwa kila kambi ilipohama, jambo ambalo mfugaji wa Ngorongoro hahitaji kuelezwa mara mbili. Sulemani mwenyewe, siku ya kulizindua hekalu, aliungama katika sala iliyoandikwa katika 1 Wafalme 8 kwamba hata mbingu hazimtoshi Mungu, sembuse nyumba ile. Yesu alimwambia mwanamke Msamaria kisimani kwamba wakati umefika ambapo ibada haitafungwa na mlima wa Wasamaria wala na Yerusalemu. Stefano aliirudia hoja hiyo mbele ya Baraza, na mwisho wa hotuba yake ulikuwa mawe. Warumi walipolichoma hekalu mwaka 70, wafuasi wa Yesu walikuwa wamekwisha kuzoea kukutana majumbani, na majengo makubwa ya ibada hayakuwa kawaida yao hadi enzi ya mfalme Konstantino, katika karne ya nne.

Katika orodha hiyo yupo mmoja ninayetaka tukae naye zaidi. Yeremia alisimama langoni mwa hekalu akawaonya waliokuwa wanaingia kuabudu. Walidhani jengo litawakinga. Aliwaambia Mungu atakaa nao wakiacha kumwonea mgeni, yatima na mjane. Wasipoacha, hekalu halitawasaidia kitu. Hapo ndipo tunapata kipimo, na nguvu yake ni kwamba kinapima pande zote mbili. Kinamhukumu anayejificha ndani ya jengo, na kinamhukumu vilevile anayesema amekutana na Mungu mtini, mlimani au ndotoni. Anayedai kukutana na Mungu aulizwe: mnyonge aliye karibu nawe amepata nini?

Kabla ya kanisa la kwanza kujengwa huku, watu walikuwa wanasali. Ol Doinyo Lengai, volkano hai inayokaribia mita 3,000 na iliyoripuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008, kwa Wamaasai ni Mlima wa Mungu. Mungu wao, Enkai, anaitwa mweusi anapoleta mvua na neema, na mwekundu anapoleta ukame na ghadhabu. Chini ya oreteti, mtini ule mkubwa wenye mizizi inayoning'inia, akina mama wameimba sala za kuomba watoto na mvua kwa vizazi visivyohesabika. Wairaqw, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Wambulu, wanamjua Mungu, Looaa, kama mama, mwenye huruma, anayehusishwa na jua; kwenye chemchemi na mito wapo roho waitwao neetlaangw, ambao huogopwa. Vikao vya wazee wao hupambwa na slufay, sala ndefu ya kishairi inayoongozwa na mmoja huku wengine wakiitikia, ikimgusa kila kiumbe na kila mpaka wa nchi. Wahadzabe wa Bonde la Eyasi hucheza ngoma takatifu ya epeme usiku usio na mbalamwezi. Wabatemi, ambao majirani huwaita Wasonjo, husimulia habari za Khambageu, aliyezaliwa katika mguu uliovimba, akatenda miujiza, na baada ya kufa kaburi lake likakutwa tupu. Hao Wabatemi walikuwa na nyumba takatifu vijijini mwao, kwa hiyo tusiwachore Waafrika wote kama watu wa chini ya miti.

Wamisionari waliofika hawakumshusha Mungu kutoka melini, ila wengi walikuja na namna ya kujenga. Shirika la Roho Mtakatifu lilianzisha misioni ya Bagamoyo mwaka 1868, likawakomboa watumwa na kuwakalisha pamoja katika kijiji chenye kanisa, shamba, karakana na shule. Mtindo ule ulipanda bara: eneo lenye uzio au miti ya mipaka, ndani yake padri, kanisa, zahanati, bweni. Ukitaka Mungu, njoo misioni. Kwa wakulima waliotulia mahali pamoja, mtindo huo ulifaulu sana. Kwa wafugaji haukuwa na mashiko, kwa sababu mtoto alisoma, akabatizwa, akarudi bomani, na boma likaendelea na maisha yake.

Mwaka 1966 padri mmoja wa shirika hilohilo, Mmarekani Vincent Donovan, alikuwa Loliondo. Misioni ilikuwa na shule, hospitali na kanisa dogo. Alimwandikia barua Askofu Dennis Durning wa Arusha kumweleza kwamba pamoja na kazi yote ile, hakumjua Mmaasai mtu mzima aliyekuwa akiishi Ukristo nje ya uzio wa misioni. Akaomba ruhusa ya kuacha yote hayo na kuwafuata watu bomani, bila shule, bila dawa, bila zawadi, azungumze nao juu ya Mungu tu. Askofu alikubali. Donovan alifanya kazi hiyo hadi 1973, na kitabu alichoandika, *Christianity Rediscovered*, kilichotoka 1978, kimesomwa katika seminari nyingi duniani. Nasikitika kwamba hapa kwetu, kulikotokea mambo yenyewe, si wengi wanaokijua.

Mambo matatu katika simulizi lake yanatuhusu moja kwa moja. La kwanza: wazee walimuuliza swali ambalo hakulitarajia. Alikuwa akiwaeleza jinsi Ibrahimu alivyoitwa kuacha mungu wa kabila lake na kumtafuta Mungu wa watu wote. Mzee akataka kujua kama kabila lake yeye padri limekwisha kumpata Mungu huyo. Donovan alikaa kimya akiwaza juu ya mataifa yaliyobariki mizinga na kumwita Mungu upande wao vitani, kisha akajibu kwa unyofu kwamba bado, na kwamba yeye na wao watafute pamoja. Katika jibu lile alijivua ukubwa wa mwenye kumleta Mungu, akawa msafiri pamoja nao.

La pili lilitokea siku ya kuamua nani abatizwe. Padri alikuwa amepanga kuwaacha wavivu, waliokosa mafundisho, na wale ambao hawakuelewa. Mzee mmoja wa boma, Ndangoya, akamzuia, kwa adabu na kwa uthabiti. Alimweleza kwamba waliosikia waliwasaidia wasiosikia, wenye akili nyepesi waliwabeba wazito, na kwamba boma haligawanyiki. Walibatizwa wote. Niseme pia kwamba jamii nyingine, baada ya kusikiliza karibu mwaka mzima, ilimwambia asante, hatutaki, naye akaondoka. Boma liliheshimiwa katika kukubali na katika kukataa.

La tatu ndilo ninalolipenda zaidi. Misa bomani haikuanza na kuisha kwenye meza. Donovan alipoingia, walimpokea kwa salamu, akapita kwenye nyumba, akawakuta wengine wakicheza, wengine na mifugo, na ibada ilienda pamoja na maisha hayo. Kabla ya ekaristi, shada la majani mabichi, ambayo kwa Wamaasai ni alama ya amani, lilipitishwa mkono kwa mkono, familia kwa familia. Anayepokea majani yale anatangaza kwamba hana kinyongo. Kama mahali fulani mtu au familia ilikataa kuyapokea, kwa sababu ya ng'ombe, mke, tusi, au damu, basi siku hiyo hakukuwa na misa. Padri alikuwepo, mkate na divai vilikuwepo, na misa haikuwepo.

Nimelifikiria shada lile mara nyingi. Hapakuwa na paa wala altare ya mawe, lakini masharti ya kuwepo kwa Mungu yalikuwa makali kuliko ya makanisa yetu mengi, ambako mahasimu wa mpaka wa shamba huketi benchi la mbele na la nyuma, wakapeana mkono wa amani bila kutazamana, wakapanda kukomunika. Anayedhani kutoka nje ya jengo ni kurahisisha imani ajaribu kuyapokea majani ya jirani aliyemlia kiwanja.

Tusimfanye Donovan mtakatifu asiyeguswa. Aliongea zaidi na jamii kupitia vinywa vya wazee wanaume, na historia ilikwenda njia tofauti. Mwanazuoni Dorothy Hodgson, katika utafiti wake uliochapishwa 2005 juu ya Wamaasai na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, ameonyesha kwamba walioyajaza makanisa ya Umaasaini ni wanawake. Wanaume wengi walibaki pembeni. Wanawake walikuta humo nafasi ya kuimba, kuongoza na kusaidiana ambayo maisha mengine yalikuwa yameipunguza. Na wananchi wenyewe walizitaka shule na hospitali. Hospitali za Wasso na Endulen, zilizoasisiwa na padri daktari Herbert Watschinger kutoka Austria, zimeokoa mama wajawazito ambao hakuna mahubiri yangewaokoa. Ukuta wa wodi ni jengo pia, na ndani yake Mungu wa Yeremia ana kazi.

Kutoka Loliondo ya Donovan hadi kijiji cha Samunge si mbali, na Samunge ndiko jaribio la pili, kubwa kuliko yote, lilikotokea. Mwanzoni mwa 2011, Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, alianza kujulikana nchi nzima kama Babu wa Loliondo. Alisema Mungu alimwonyesha ndotoni mti wa mugariga na kumwamuru awape watu dawa yake. Mizizi ilichemshwa kwenye masufuria makubwa juu ya kuni, kila mtu akapewa kikombe kimoja tu, kwa shilingi 500, na wasaidizi walivipitisha vikombe hadi madirishani mwa magari. Babu alisisitiza kwamba uponyaji ni wa Mungu, na kwamba dawa inafanya kazi kwa kikombe anachokitoa yeye, pale Samunge. Magonjwa yaliyotajwa yalikuwa pamoja na UKIMWI, kansa na kisukari.

Wahenga walisema penye wengi pana Mungu, na Samunge palikuwa na wengi. Foleni ya magari ilikwenda kilomita kwa kilomita katika njia ya vumbi. Watu walikuja kutoka kila mkoa, na kutoka Kenya na Uganda. Wagonjwa mahututi walitolewa hospitalini na ndugu zao wakapakiwa kwenye mabasi. Wengine walifia njiani. Mwishoni mwa Machi Babu mwenyewe aliomba watu wasitishe kuja kwa siku kadhaa ili foleni ipungue. Mawaziri na wabunge walikunywa. Askofu Thomas Laizer wa dayosisi ya Kilutheri ya Arusha alimuunga mkono hadharani, wakati viongozi wengine wa makanisa walipinga. Vikombe vingine vikazuka Mbeya, Tabora, Rombo na kwingineko. Serikali ilituma wataalamu kuichunguza dawa. Madaktari walieleza juu ya wagonjwa waliotupa dawa za kufubaza virusi kwa kuamini wamepona, na hali zao zikawa mbaya.

Nisingependa kumdhihaki mzee Mwasapile, aliyefariki Julai 2021. Bei ya shilingi 500 haikumbagua mtu, tajiri na maskini walikunywa kikombe kilekile. Katika foleni ile watu wa dini zote waligawana maji, chakula na habari, na wapo walioniambia kwamba hawajawahi kusali kwa dhati kama walivyosali usiku ule barabarani. Mungu hakuwa mbali na foleni ya watu wenye maumivu. Siamini alikuwa mbali. Lakini Samunge palikosa kitu ambacho boma la Ndangoya lilikuwa nacho. Kila aliyefika alikuja peke yake na ugonjwa wake, akanywa, gari likageuza. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza baada ya mwezi anaendeleaje, wala wa kumkataza kuacha vidonge, wala wa kubeba lawama alipozidiwa. Dai la kukutana na Mungu lilikaa juu ya mtu mmoja na ndoto yake, na waliokuwa na wajibu wa kulipima walikimbilia kulikumbatia au kulikemea kwa mbali. Kwa kipimo cha Yeremia, wanyonge kuliko wote katika foleni ile ndio waliolipa gharama kubwa.

Kwa hiyo kuwa nje ya jengo peke yake hakuthibitishi kitu. Swali linakuwa: nje ya jengo, nani anawajibika kwa nani?

Jibu bora ninalolijua halina umaarufu wowote. Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki na Kati, kupitia shirikisho lao, AMECEA, waliamua mwaka 1973 na kulitilia mkazo mwaka 1976 kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, na Tanzania iliitikia kwa moyo. Walutheri nao wana jumuiya zao ndani ya mitaa na sharika. Tazama moja ya kawaida, upande wa Rhotia. Ni asubuhi siku ya kazi, kabla watu hawajaenda shamba. Mabenchi mawili yameazimwa kwa jirani, watoto wako kwenye mkeka. Kimeza kimefunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, juu yake msalaba, mshumaa uliosimamishwa kwenye chupa ya soda, na maua ya uani kwenye kikombe. Inasomwa injili ya Jumapili ijayo, kimya, mama mmoja anasema neno lililomgusa, kijana anasema lake, mzee anasali kwa Kiiraqw sala ambayo mdundo wake ni wa slufay ingawa jina la Yesu limo. Kisha mwenyekiti anafungua daftari na kuuliza: nani mgonjwa? Nani hajaonekana? Mtoto wa fulani mbona amerudishwa nyumbani kutoka shule? Yule bibi paa lake limeshaezekwa? Hapo ndipo zinapotajwa ndoa zenye matatizo, deni la hospitali, mgogoro wa mpaka. Anapangwa mtu wa kwenda. Chai inakuja, na mkutano umeisha kabla jua halijawa kali.

Mambo mawili hufanyika pale ambayo kanisa la watu mia nane haliwezi kuyafanya. Kutokuwepo kwako kunaonekana wiki hiyohiyo. Na anayedai kwamba Mungu amesema naye anasikilizwa na watu wanaomjua, wanaojua anavyomtendea mkewe, vibarua wake na mama yake mzee. Ndoto ya mugariga ingeletwa kwanza mbele ya watu wa namna hiyo, nadhani ingepata maswali ya upole na magumu.

Wapo watakaosema kwamba jumuiya zenyewe zimegeuka vituo vya kukusanya michango, na kwamba wanaume hawaji. Ni kweli, kwa sehemu kubwa. Nimewasikia viongozi wa jumuiya wakilalamika kwamba barua kutoka ngazi za juu huwa na mada moja: kiwango cha kila familia kwa ajili ya jengo. Ndivyo jengo linavyoimeza jumuiya iliyolizaa.

Na wapo watakaotetea jengo kwa sababu nzito, ambazo nazikubali. Mkatoliki anaamini Kristo yumo katika ekaristi inayotunzwa katika tabernakulo, na taa nyekundu ile imemfariji mtu aliyeingia peke yake saa nane mchana akiwa amekata tamaa. Mlutheri anafundishwa kwamba Kanisa liko pale Neno linapohubiriwa na sakramenti kutolewa kwa usahihi, na hilo linahitaji watu wakutane kwa mpango. Waraka kwa Waebrania unaonya juu ya kuacha kukusanyika. Masika ya Karatu hayachezewi. Udongo mwekundu unateleza, na bibi wa miaka themanini hawezi kusali kwenye matope. Jengo ni ghala la wakulima: mavuno hayaoti humo, lakini bila ghala mengi huoza. Makosa huanza ghala linapokuwa kubwa kuliko shamba.

Kuna jibu jingine ambalo huja kirahisi eneo hili, hasa kwa wageni: Mungu yumo katika uzuri. Simama ukingoni mwa kreta, mita 600 juu ya mbuga iliyo chini, ukungu ukipanda na nyati wakionekana kama nukta, utapata sababu ya kusifu. Zaburi zimejaa sifa za namna hiyo, na Papa Fransisko katika *Laudato Si'* mwaka 2015 aliwakumbusha Wakatoliki kwamba viumbe vina heshima yao mbele ya Muumba. Sina ugomvi na hilo. Ila mandhari haikuulizi umemfanyia nini mjane, na kwenye ukingo uleule uzuri umekuwa na historia yenye maumivu. Wamaasai waliondolewa Serengeti kwa makubaliano ya 1958, hifadhi ya Ngorongoro yenye kilomita za mraba 8,292 ikaundwa 1959 ili watu, mifugo na wanyamapori waishi pamoja, na mwaka 1974 wale waliokuwa wakiishi ndani ya kreta wakaondolewa. Tangu Juni 2022 familia zimekuwa zikihamishiwa Msomera, wilayani Handeni; serikali imesema ni kwa hiari, wakazi wengi wamepinga, na Agosti 2024 maelfu waliandamana barabarani.

Sera ya uhifadhi ina wabobezi wake, nami si mmoja wao. Ninachouliza ni cha kiimani. Ndani ya hifadhi, kujenga jengo la kudumu kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, kwa hiyo Wakristo wengi huko wamesali chini ya miti kwa lazima kama walivyosali kwa hiari. Mama aliyemwomba Enkai chini ya oreteti, akabatizwa, akaendelea kumwomba Baba wa Yesu Kristo palepale, anapelekwa Handeni. Tumwambieje? Kumwambia tu kwamba Mungu yuko kila mahali, basi panda lori, ni kulitumia fundisho la kweli kama fimbo. Mungu aliyekwenda na hema jangwani alikwenda pamoja na watu waliotoka utumwani. Na waliopelekwa Babeli aliwafuata huko, lakini pia aliwaacha waomboleze kwenye mito, na maombolezo yao yakawa Maandiko. Kanisa linaloamini kwamba Mungu hana mipaka ya kuta lina wajibu wa kwenda na wanaohama, kubaki na wanaobaki, na kusikiliza kilio cha wote wawili bila kuwaharakisha.

Narudi kwa madereva na wapishi, maana hapo Karatu ina jambo la kufanya kesho, bila kungoja mtaguso. Msimu wa wageni unajulikana, saa za lango zinajulikana, hoteli zinajulikana zilipo. Hakuna sheria ya kanisa lolote inayomkataza padri kuadhimisha misa jioni ya Jumatano kwenye bwalo la wafanyakazi, wala mchungaji kutoa Chakula cha Bwana kwa wanaotoka zamu saa nne usiku. Mwinjilisti mwenye pikipiki anaweza kuwafuata vibarua wa Mang'ola saa ya mapumziko. Madereva wanaolala kambi moja wanaweza kuwa jumuiya kamili, yenye mwenyekiti, daftari na shada lao la majani, wakijuana nani ana mtoto mgonjwa na nani ameanza kulewa. Wanachohitaji ni kutambuliwa, wahesabiwe kuwa Wakristo wanaosali, na waache kuitwa watoro wa Jumapili.

Kwa halmashauri za walei, mabaraza ya wazee wa usharika, mapadri na wachungaji wa Karatu na Ngorongoro nina ombi moja. Mtakapokaa kupanga bajeti ya mwaka ujao, kabla ya fungu la vigae na madirisha ya vioo vya rangi, tengeni fungu la mafuta ya pikipiki ya katekista na posho ya mwinjilisti anayewafuata waliohama na mifugo. Na jumuiya ikileta ripoti, muulizeni mwenyekiti kwanza amewatembelea wangapi, ndipo mumuulize amekusanya kiasi gani.